Athi ya Pili

Kwa miaka kumi na moja waya wangu wa kuanikia nguo ulikuwa na wenyewe wawili. Asubuhi ulikuwa wangu, kwa mashuka na sare za watu. Alasiri ulikuwa wa mume wangu, ambaye alikuwa anautumia kuwasahihisha wataalamu wa umeme wa dunia nzima. Nikichelewa kuanua, anakuja kunisimamia pale na mita yake mkononi, anakohoa. Mimi ni dobi wa hospitali, na nikirudi nyumbani nafua za majirani, kwa hiyo siku yangu haina nafasi ya kukoholewa. Nilikuwa namwambia, "Baba watoto, huo umeme umekaa bila wewe tangu dunia iumbwe. Utashindwa kusubiri mashuka mawili yakauke?" Alikuwa hacheki. Zamani alikuwa mcheshi kuliko mimi.

Zamani alikuwa fundi wa laini kubwa, zile zinazobebwa na minara ya chuma kutoka mji mmoja hadi mwingine. Alikuwa kiongozi wa genge la watu saba. Wenzake walimwita Profesa, kwa sababu watu wakikaa kula yeye anaeleza, na wakimaliza kula bado anaeleza. Katika genge hilo alikuwemo mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu. Huyo walimwita Twiga. Alikuwa mrefu mpaka mama alikuwa akimnunulia shati analifumua mikono na kuiongezea kitambaa. Mume wangu ndiye aliyemwingiza kazini, akamfundisha kupanda, na akamfundisha kushuka, ambako kwa maelezo yao ndiko kugumu. Ilikuwa shemeji huku, shemeji kule. Nilikuwa nawaambia wazi kwamba wangeoana wao, mimi nikabaki na amani yangu.

Ili nieleweke, lazima niseme kidogo jinsi minara ile ilivyo. Mnara mmoja hubeba laini mbili, moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Laini moja ikizimwa ili itengenezwe, ya pili inaendelea na kazi, na mtu anapanda upande uliozimwa huku upande wa pili unavuma hatua chache kutoka alipo. Kabla hajapanda wanafunga athi. Athi ni waya mnene unaounganisha laini na ardhi, ili kama kuna kitu kimebaki humo kiishie udongoni. Ya kwanza inafungwa kituoni, laini inakoanzia. Ya pili inafungwa pale pale mnarani, karibu na mtu anayefanya kazi. Kosa baya kuliko yote kwao wanaliita kuvuka upande, yaani kunyoosha mkono au chombo hadi kwenye laini iliyo hai. Aliyevuka upande hata akifa wanaendelea kumsema, na wanamsema vibaya.

Siku yenyewe nilikuwa kazini napiga pasi sare za wauguzi. Msimamizi wetu akaja akazima pasi yangu kwa mkono wake mwenyewe, nikajua. Walikuwa wamemleta Twiga hospitalini kwetu. Shuka walilomfunika nilikuwa nimelifua mimi juzi yake, nalijua kwa kiraka chake cha pembeni. Nikamfunua. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua, na goti la kushoto, pale lilipoegemea chuma. Kwingine kote alikuwa mzima. Mume wangu alikuwa amekaa chini kwenye korido, bado amevaa mkanda wa kupandia, na hakuinua macho kuniangalia.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, na bosi wao aliisoma msibani mbele ya watu. Laini ilizimwa. Swichi ilifungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni kwa kiongozi wa genge. Athi zilifungwa mbili, na fomu ya athi ilisainiwa. Waya uliozimwa na kufungwa athi mbili hauui mtu. Kwa hiyo marehemu, kwa urefu wa mikono yake na kwa kutokuwa makini, alivuka upande. Wenzake waliokuwa wamesimama nyuma wakainamisha vichwa. Hawakukaa kula.

Mama yangu ana hasira, na mimi zangu nimezitoa kwake. Palikuwa na picha ya Twiga ukutani karibu na mlango wake, amevaa kofia ngumu ya kazini, anacheka meno yote. Mama aliishusha jioni hiyo hiyo akaitia chini kabisa ya sanduku. Alisema, "Nilimwambia kila siku, mwanangu, huko juu usichezee. Amenidharau." Hakutoa chozi. Miaka yote iliyofuata, tukienda kufagia kaburi, yeye alikuwa anamgombeza pale pale juu ya udongo, kama mtoto aliyerudi nyumbani kachafuka. "Mjinga wewe," anamwambia. "Mjinga mkubwa." Kisha anaokota ufagio wake tunaondoka.

Mume wangu hakupanda mnara tena. Aliomba mwenyewe ahamishiwe stoo, akawa mtu wa kugawa glavu na kofia. Na hapo ndipo alipoanza madaftari.

Chuoni kwao walikuwa wamefundishwa kwamba umeme ni maji na waya ni bomba. Swichi ni koki. Ukifunga koki ukatoboa bomba mahali pamoja, maji yote yatatoka, na bomba litabaki tupu. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo vijana wote waliopita mikononi mwake, Twiga akiwemo. Sasa akawa anakaa mezani na taa yake, anaandika kwamba ni uongo.

"Umeme haumo ndani ya waya," aliniambia siku moja nikiwa nakunja nguo.

"Uko wapi? Umetoka kwenda sokoni?"

"Uko nje. Hewani, pembeni ya waya. Waya unauongoza tu."

Nikamwambia hilo mbona mimi nalijua. Wakati wa ukavu, ukivuta sare ya nailoni kutoka kwenye rundo, nywele za mkono zinasimama kabla nguo haijakugusa. Alishika kalamu akanitazama kama siku aliyokuja kunichumbia. "Hizo nywele zimeguswa na nini?" akauliza. Nikasema na hewa. "Na uga," akasema. "Ndio unaitwa uga. Nafasi yote inayozunguka kitu chenye umeme ina nguvu ndani yake. Tunadhani ni patupu, kumbe pamejaa."

Siku yangu ya mapumziko akanipeleka nje ya mji, chini ya zile laini. Saa nane mchana, jua kali. Alibeba taa ndefu ya mrija, zile nyeupe za madukani, na blanketi letu la kitandani. Akasimamisha taa wima mkononi, akatufunika wote wawili kwa blanketi ili giza lipatikane. Walipita wanawake wawili na kuni kichwani wakasimama kutushangaa, na nilisikia mmoja akisema watu wazima siku hizi hawana hata aibu. Mimi sikuweza kucheka. Kulikuwa na mwanga humo ndani. Taa haikuwa na waya wala betri, laini zilikuwa juu sana kupita mti mrefu, na ile taa ilikuwa inawaka mkononi mwa mume wangu, hafifu, inatetemeka.

Nililia chini ya lile blanketi mpaka likalowa. Kama hewa tupu inawasha taa, basi waya uliozimwa ukiwa kando ya waya ulio hai hauwezi kuwa umekufa. Ndugu yangu hakunyoosha mkono kwenda upande wa pili. Upande wa pili ndio uliomfuata alipo. Nilimwambia mume wangu hivyo, naye akatikisa kichwa kukubali.

Nikamwendea mama nikamweleza. Alinisikiliza akichambua mchele. "Sijui mambo ya hewa," akasema. "Ripoti ilikuwa karatasi. Mkipata karatasi nyingine inayosema mwanangu hakuwa mjinga, nileteeni." Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa niaba ya mume wangu, na yeye hakunikatalia.

Akajenga maabara yake uani. Alipigilia vigingi akavuta waya mrefu, sambamba na waya wangu wa nguo, umbali wa hatua moja. Waya wake ulipewa umeme na mashine ya jirani yetu mchomelea vyuma, mtu mwema aliyekuwa anapenda maneno ya mume wangu bila kuyaelewa. Waya wangu haukuunganishwa na mashine yoyote. Upande mmoja ulifungwa kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, upande mwingine uliunganishwa na mita, na mita na chuma cha pili. Mchomeleaji akiwasha, mshale wa mita unaruka. Kwenye waya wangu mtupu, wa kuanikia soksi! Niliita majirani waje waone. Kadiri mashine inavyozidishwa ndivyo mshale unavyopanda, na mume wangu alikuwa anaeleza kwamba mkondo unaopita kwenye waya mmoja unatengeneza uga wa sumaku kuuzunguka, na uga huo ukibadilika unasukuma umeme kwenye waya wa jirani, hata kama wa jirani umetobolewa athi kule mwisho. Athi ya mbali haisaidii. Na siku aliyofariki Twiga, laini moja ilikuwa imezimwa, kwa hiyo mzigo wote wa mji ulihamia kwenye ya pili, na saa nane kiwanda cha saruji kiliwasha mashine zake zote. Twiga alifariki saa nane na dakika kumi.

Mimi mambo haya niliyashika vizuri, na nilikuwa nayasimulia dobini mpaka wenzangu wakaomba poo. Mume wangu aliandika barua ofisini kwao, akaandika wizarani, akaandika vyuo vitatu. Majibu yalikuwa ni "tumepokea barua yako". Kule stoo vijana waliokuja kuchukua glavu wakawa wanamuuliza, "Profesa, leo umeme uko wapi? Bado uko nje?" Anawapa glavu anawaandika. Nilitaka siku moja niende nikawatukane, akanizuia.

Kuna jambo nililiona nikaliacha, na nalisema hapa kwa sababu linaniuma. Waya wangu ukilemewa na mashuka mabichi unashuka, na mimi nauinua kwa nondo ndefu ninayoichomeka chini. Alasiri moja niliisimika nondo karibu na mita yake, nikiwa na ndoo kichwani, na ardhi ilikuwa imelowa maji yangu ya kufulia. Mshale ulikuwa juu. Nondo ilipogusa waya mshale ukalala, karibu kabisa na sifuri.

"Mbona umelala?" nikauliza.

"Toa hiyo!"

Hakuwahi kunipigia kelele katika ndoa yetu yote. Ndoo iliniponyoka. Nikatoa nondo, mshale ukapanda tena. Akaomba radhi, akaokota nguo zilizoanguka, akazisuuza yeye mwenyewe. Nilidhani nimemharibia hesabu. Tangu siku hiyo nondo nikawa naisimika upande wa pili.

Mwaka wa kumi na moja mama akaanza kuvimba miguu, kisha akawa wa kulala. Daktari hakutuficha. Nikawa natoka kazini naenda kwake, na kila nikiingia ananitazama mikononi kama nimebeba karatasi. Sikuwa nayo.

Wodini nilikokuwa nakusanya mashuka alikuwa amelazwa mzee mmoja, na binti yake alikuwa anakaa kando ya kitanda akisahihisha mitihani. Jicho langu likaangukia karatasi. Palikuwa na nyaya mbili zimechorwa, na miviringo imezizunguka, ile ile iliyojaa madaftarini kwetu. Kumbe ni mwalimu wa fizikia wa chuo. Nikaweka mashuka chini. Nilimwambia yote hapo hapo nimesimama, Twiga, blanketi, kila kitu. Akasema atakuja Jumamosi.

Alikuja kweli. Alikaa kwenye kibaraza akasoma kuanzia saa nne mpaka saa saba, madaftari yote ishirini na matatu. Chai yake ikapoa, nikaibadilisha, nayo ikapoa. Mume wangu alikaa mbele yake amevaa shati lake la Jumapili, mikono magotini.

"Mzee," mwalimu akasema mwishowe, "haya madaftari kumi na manne ya mwanzo ningependa wanafunzi wangu wayasome. Umefika mbali peke yako. Lakini nisikudanganye. Haya yamejulikana zaidi ya miaka mia moja. Yamo vitabuni."

"Mimi sikufundishwa," mume wangu akasema.

"Najua. Wengi wanapewa maji na mabomba kwa sababu ni rahisi kueleza, halafu hawaambiwi kwamba ni mfano tu."

Mimi niliruka kwa furaha. Kama limo vitabuni ni bora zaidi, si ofisi italazimika kukubali? "Kwa hiyo ndugu yangu hakuvuka upande!" nikasema.

"Hakuvuka," akasema mwalimu. "Majeraha yenyewe yanaonyesha, laini hai ingemuunguza mwili mzima. Kiganja na goti: umeme ulipita kutoka waya uliozimwa kwenda kwenye chuma cha mnara. Hesabu za mzee ziko sahihi."

"Tuandikie basi. Karatasi tu."

Mwalimu alikuwa ameweka kiganja juu ya yale madaftari tisa ya mwisho.

"Na haya je?" nikamuuliza.

"Haya yanatafuta kitu kisichokuwepo, mama. Mzee anataka kuonyesha kwamba laini ingeua hata ikiwa na athi mbili, moja kituoni na moja mnarani. Hesabu inamkatalia, kila mara. Na kila ikimkatalia anaongeza kitu anachokiita uga mkaidi, uga usiosikia athi. Hakuna uga wa namna hiyo." Akamgeukia mume wangu, na sauti yake ikawa ya upole sana. "Ukiutoa huo, mzee, kila kitu kinakaa sawa. Umbali, kiwanda, saa, majeraha. Vyote vinakaa sawa kwa sharti moja tu. Athi ilikuwa moja."

Mume wangu aliangalia chini. Mwalimu akakusanya mkoba wake. Aliniacha na namba yake, akaniambia pole, na kwa jinsi alivyolisema nikajua hazungumzii kifo cha miaka kumi na moja iliyopita.

Nondo yangu, ile iliyolaza mshale, ilikuwa imeegemea ukuta. Niliitazama, nikamtazama yeye. Nikakaa kwenye ngazi.

"Nani aliitoa?" nikauliza.

"Mimi."

Akasema yote, bila kupandisha sauti. Seti za athi za mnarani genge lilikuwa na moja tu, na kazi ilikuwa minara miwili. Walikuwa wamechelewa, na ofisi ilitaka laini irudi saa kumi. Akaamua waifungue kwenye mnara wa kwanza, waipeleke wa pili, baadhi ya wenzake waanze kuandaa huko wakati Twiga anarudi juu kumalizia. Alishaikagua laini asubuhi akaiona haina kitu. Imezimwa, na imetobolewa kule kituoni. Kwake bomba lilikuwa tupu.

"Yeye alijua umeitoa?"

"Alijua. Alikuwa anaona. Akaniuliza, 'Shemeji, nipande bila athi?' Nikamwambia imeshakauka hiyo, panda. Akafika juu akasimama, akaniita tena. 'Shemeji, una hakika?' Nikamcheka. Nilimcheka mbele ya wenzake. Nikamwambia twiga gani anaogopa kimo."

"Na fomu?"

"Nilisaini jioni. Athi mbili. Nilidhani wataona ni ajali, basi. Sikujua watasema alivuka. Waliposema, nikawa nimeshasaini."

"Ulikuwepo msibani wakiisoma."

"Nilikuwepo."

"Miaka kumi na moja mama yangu anatukana kaburi, na wewe umeshika ufagio."

Nilitaka nimpige na ile nondo. Nasema kweli, niliishika. Kilichonizuia sikijui, haukuwa upendo. Nilielewa wakati huo kwamba mume wangu alikuwa amekaa miaka yote ile akijaribu kuipindisha dunia mpaka ikae kwa namna ambayo Twiga hakukosea na yeye hakukosea, na dunia ikakataa. Nilimwonea huruma na nikamchukia katika pumzi moja, na mpaka leo havijaachana.

"Kaandike," nikamwambia. "Sasa hivi. Karatasi kwanza, halafu mama."

Aliandika ukurasa mmoja. Hakukuwa na uga ndani yake, wala nadharia. Jumatatu asubuhi tulikwenda ofisini kwao pamoja, mimi nikitembea mbele. Karani alisoma, akasoma tena, akatuambia lile jalada lilishafungwa siku nyingi. "Lifungue," akasema mume wangu. Karani akamwita mkubwa wake, mkubwa akatutazama kama watu waliomletea mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza, lakini aligonga muhuri kwenye nakala yetu. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja kwa mama.

Alikuwa ameinuliwa kwa mito. Alinitazama mikononi, na safari hii karatasi ilikuwepo. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo nikamsogezea mume wangu kiti.

"Kaa, mwanangu," mama akamwambia. Siku zote alikuwa anamwita mwanangu.

Hakukaa. Alisoma akiwa amesimama, kila neno, mpaka jina lake na tarehe. Kisha akaongeza yale ambayo hayakuwemo kwenye karatasi: kwamba Twiga aliuliza, na kwamba yeye alimcheka. Sikumwambia aongeze.

Vidole vya mama vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Aliuliza mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Mara mbili," mama akasema. "Kumbe alikuwa makini." Akanigeukia mimi. "Nitolee mwanangu."

Nikafungua sanduku. Nilitoa nguo zote mpaka chini, nikapata picha imefungwa kwenye kitambaa. Kioo kilikuwa na ukungu, nikakifuta kwa gauni langu la kazi. Mama akaiweka juu ya kifua akaishika kwa mikono miwili. Aliitazama, sijui alikuwa anaona kiasi gani, akapitisha kidole pale penye meno.

"Nilimwita mjinga," akasema. "Kaburini kwake. Kila nikienda."

Ndipo alipoanza. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama yangu akilia, hata baba alipofariki. Alimlilia Twiga kama amefariki asubuhi ile, kwa jina lake la utotoni ambalo watu wote tulikuwa tumelisahau, akimwomba radhi, akimwambia avae shati mikono imeshaongezwa. Majirani walikuja mlangoni wakidhani ni yeye amekata roho. Mume wangu alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mkono wake ukatafuta kitasa.

"Huyo asiondoke," mama akasema katikati ya kilio, bila kumtazama. "Mpe kiti. Akae asikie."

Nikamsogezea kiti, akakaa.